Kungwi wa Mabwawa

Katika chama chetu hakuna aliyewahi kumchagua. Mwenyekiti alikuwepo, mstaafu mmoja wa bandarini mwenye sauti ya upole, na katibu alikuwepo, lakini wote wawili walikuwa wakimsubiri yeye amalize chai yake ndipo kikao kianze. Tulimwita Kungwi. Watu wa nje waliposikia tukisema “Kungwi kasema” huku tunazungumzia samaki, walituangalia kama tumechanganyikiwa, na wengine walicheka wakidhani kuna matusi ndani yake.

Lakini alikuwa kungwi kweli. Enzi zake alifunda mabinti wengi wa Yombo na Chang'ombe, akawaweka ndani, akawatoa kwa ngoma. Kazi hiyo ilipopungua, maana mabinti wa siku hizi wanafundwa na simu, alichimba bwawa nyuma ya nyumba yake akaanza kufuga perege. Ile kazi yote ya ukungwi, na maneno yake yote, akaihamishia kwenye maji.

Kila anayefuga samaki uani anajua kwamba bwawa jipya halitiwi samaki siku hiyohiyo. Maji ya bomba yana dawa, na maji mapya hayana ule ukijani samaki anaohitaji, kwa hiyo yanaachwa majuma kadhaa yalale na kukomaa. Sisi wa chama chetu tulisema bwawa “limewekwa ndani”. Kungwi alilifunika kwa mkeka, akakataza mtu yeyote kulichungulia isipokuwa mwenye nyumba na somo wake, yaani mwanachama wa zamani aliyepewa kumfundisha. Kupiga picha ilikuwa marufuku. Hata kulisifia ilikuwa marufuku. Majuma yakiisha, bwawa “linatolewa”: wanachama wanakuja na samaki kwenye ndoo, mkeka unafunuliwa, akina mama wanapiga vigelegele, na mwenye nyumba analazimika kuwalisha watu vitumbua.

Mimi nilimfahamu kwa aibu. Mimi ni mtu wa Tabora, karani wa stoo kwenye karakana moja Chang'ombe, na nilipohamia Yombo nilichimba shimo uani, nikalitandika turubai, nikajaza maji ya bomba mpaka juu, na jioni ileile nikatia samaki niliowabeba kwa mfuko kama mtu aliyetoka kununua mchicha. Asubuhi wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Jirani akaniambia niende nyumba yenye ukuta wa kijani, nikamwone Kungwi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndo wewe Mnyamwezi uliyeua?”

Sikujua habari zilifikaje kabla yangu. Nikakubali.

“Maji ulitia lini?”

“Jana.”

“Na samaki?”

“Jana hiyohiyo.”

Akaweka ungo chini, akapiga kofi moja la mshangao. “Yallah! Umemwoza mtoto hata hajavunja ungo!”

Wanawake waliokuwa jikoni wakaangua kicheko, na mimi nikasimama pale na ndevu zangu nisijue pa kuangalia. Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe na mkeka. Akachovya kidole kwenye maji yangu, akanusa, akasema bado yana utoto. Alirudi Jumapili nyingine akasema yananuka ubishi. Mke wangu alikuwa akisikia sauti yake getini tu anaanza kucheka. Siku bwawa langu lilipotolewa, Kungwi aliniamuru nijitande kanga kichwani kwa kuwa mimi ndiye mwali, na nikajitanda. Picha hiyo ipo mpaka leo kwenye simu za watu ambao ningependa wasiwe nayo.

Hakuandika ujumbe hata siku moja. Kwenye grupu letu la wasap alituma sauti, ndefu, na nyuma yake unasikia kuku, sufuria na adhana. Alianza kwa kumsalimia kila mtu na hali za watoto wake, kisha akaingia kwenye kugomba. Siku moja niko stoo, mafundi wamejaa wanasubiri vipuri, nikabonyeza ujumbe wake bila kujua simu imewekwa sauti ya juu. Karakana nzima ikasikia: “Wewe Mnyamwezi, mwali wako umemuogesha au bado ananuka? Mie nakuja kesho, nisimkute mchafu.” Ilinichukua muda mrefu kuwaeleza wale watu kwamba ni habari za perege, na mpaka leo wapo wasioamini.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka. Kwa miaka yote aliyofuga hakuwahi kula samaki wa bwawani. Kibua wa baharini alinunua kwa mchuuzi wa baiskeli, akamkaanga, akamla mpaka mifupa. Lakini chama kilipovuna perege, yeye ndiye aliyewapika, kwa nazi na ndimu, na hakuna aliyemfikia kwa upishi. Akifika kwenye chumvi alimwita mtu: “Onja wewe.” Ukimuuliza kwa nini haonji mwenyewe, anakujibu, “Nitamlaje mtoto niliyemfunda?” Halafu anakupakulia wewe mkubwa kuliko wote na anakusimamia mpaka ummalize.

Tena alikuwa mwoga wa maji. Mwanamke wa pwani, Mzaramo wa kuzaliwa hapahapa, na bahari aliiangalia kwa mbali. Bwawa lake lilifika kiunoni, na kila alipohitaji kitu kilichozama alimwita mtu wa kuingia, huku yeye amesimama ukingoni ameshika mti wa mpera akitoa maelekezo. Adui zake walikuwa kenge mmoja aliyeingia kwa kupitia mfereji, na kunguru. Kwa ajili ya kunguru alitandaza juu ya bwawa nyuzi za kanda za kaseti zilizometameta. Zilifaa kwa muda mfupi tu. Alidai kwamba kunguru mmoja anamjua kwa sura na anakuja kwa kumkomoa, na alikuwa akimtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha anatia udhu anakwenda kuswali.

Tulizoea kutembeleana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, bwawa kwa bwawa. Tulibadilishana vifaranga vya samaki na miche ya yungiyungi, tukagombana kuhusu kambale, maana kuna mwanachama mmoja aliyemchanganya kambale na perege na baada ya miezi akabaki na kambale peke yake, mnene, ametulia. Maji yakikatika mtaani, aliyekuwa na pipa la maji yaliyolala alimgawia asiye nalo. Umeme ukikatika, wenye mashine za hewa walikesha wakikoroga maji kwa kata. Mtu asiyefuga angetucheka, lakini sijawahi kuwa na marafiki wa namna ile kabla yake.

Mwaka mmoja akajiunga mtu wa Mbezi Beach. Tukakodi basi dogo tukaenda kumtembelea. Bwawa lake lilikuwa la vigae vya buluu, lina taa ndani na maji yanayoruka juu, na samaki wa rangi ya chungwa wakubwa kama mkono wa mtu. Sote tulikaa tukingoja Kungwi amchambue, maana kwake mbwembwe zilikuwa dhambi. Alikaa ukingoni kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kutia miguu. Yeye, mwoga wa maji! Akatia miguu, akafumba macho. Njiani kurudi ndipo aliposema, “Kama kungekuwa na kuzaliwa mara ya pili, astaghfirullah, mie nizaliwe samaki wa Mbezi Beach.” Baada ya hapo alianza kuokota vigae vilivyovunjika kwenye nyumba zinazojengwa, akavipachika kwa saruji kuzunguka bwawa lake lote, hakuna kimoja kinachofanana na kingine. Aliyethubutu kumkumbusha mahubiri yake ya zamani alifukuzwa uani.

Jambo ambalo hakulichezea ni kulisha. Mwanachama mpya alishikwa mkono na kuonyeshwa kipimo cha pumba na unga wa dagaa: kinachokaa kati ya vidole, mara moja asubuhi, mara moja jioni, basi. Chakula kisicholiwa kinazama, kinaoza, kinamaliza hewa ya maji, na samaki wanakuja juu kutweta midomo wazi. Wanaofuga wengi hawaui samaki kwa kuwasahau. Wanawaua kwa kuwapenda, kwa sababu samaki anakuja kila akiona kivuli chako, na wewe unadhani ana njaa. “Samaki hasemagi nimeshiba,” alituambia. “Huruma yako iache huko ulikotoka nayo.” Kuna baba mmoja mcheshi, fundi cherehani wa Tandika, aliyewatupia samaki wake chapati nzima siku ya sikukuu kwa furaha. Walipokufa alikuja kwa Kungwi kuomba wengine. Akamnyima mpaka mvua za mwaka uliofuata. Alimnyima mbele yetu sote, na yule baba karibu alie, na mimi nilimwona Kungwi siku ile kuwa mkatili. Nalisema hili kwa sababu sheria tuliyokuja kumpimia nayo aliitunga yeye.

Mwanzo tulidhani ni mtandao. Sauti ileile ilikuja mara mbili kwenye grupu, salamu zilezile, ugomvi uleule, ila ukisikiliza vizuri unaona si ujumbe mmoja uliojirudia, ni mtu ameusema upya. Tukamtania. Naye akacheka. Kisha nikapita nyumbani kwake jioni moja nikasikia harufu kabla sijafika ukutani. Maji yalikuwa meusi, juu yametanda utando wa pumba, na samaki wamejipanga ukingoni wanahema. Kungwi amesimama na bakuli mkononi.

“Ndo nawapa chakula cha asubuhi, mtani,” akaniambia. Jua lilikuwa linazama.

Niliyasafisha yale maji pamoja na binti yake, yule anayeshona nyumbani na ndiye anayeishi naye. Tulibadili nusu kwa maji yaliyolala kutoka kwangu. Baada ya siku chache yakawa yaleyale. Alilisha alfajiri, akalisha baada ya chai, akalisha akitoka kuswali, akalisha kila alipopata mgeni ili mgeni aone wanavyokuja juu. Samaki walipoanza kuelea alisema ni kunguru, kisha akasema kuna hasidi mtaani. Binti yake alificha pumba, naye akawapa wali. Alifunga mlango wa uani, naye akazunguka kwa nje.

“Nikimwambia wameshakula, ananiuliza nani kawalisha,” binti alinieleza. “Nikimwambia wewe mama, ananuna kutwa nzima. Na pale ukingoni pana utelezi. Mie nashona, siwezi kuwa macho kodo kila saa. Nisaidieni jamani.”

Tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti bila Kungwi. Chai ililetwa na tukainywa, na kikao kikaanza, na nadhani kila mmoja aliona jinsi kilivyoanza kwa urahisi. Hapakuwa na ubishi kuhusu samaki: wahamishwe, la sivyo watakwisha. Bwawa langu lilikuwa kubwa na la karibu, kwa hiyo waje kwangu. Ubishi ulikuwa nani atamwambia. Watu wakaangalia vikombe vyao. Mwenyekiti akasema ana presha. Ndipo katibu akanyoosha kidole.

“Si Mnyamwezi huyu hapa? Mtani wake. Atachukizwaje na mtani?”

Chumba kizima kilishusha pumzi. Na mimi nilishusha pumzi, na zaidi ya hapo nilijisikia fahari kidogo kwa kuchaguliwa. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikilikumbuka.

Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unacheka. Anaingia msibani kwako anafanya vituko na hakuna wa kumkemea. Baba yangu alipofariki na tukaweka matanga hapa Yombo, Kungwi aliingia amevaa koti langu, akaigiza ninavyolia, watu wakacheka na machozi machoni, kisha akaondoka na viatu vyangu. Nilizunguka peku kwenye msiba wa baba yangu mpaka nilipompelekea sukari kuvikomboa. Maana ndivyo utani ulivyo. Mtani anaweza kuchukua kitu chako, lakini anakitunza kikiwa kizima, na siku ukija kukikomboa, kwa chochote kile ulichobeba, hana ruhusa ya kukataa. Pale kikaoni sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na ndoo na wavu. Wanachama wawili walibaki nje ya ukuta.

“Mtani,” nikamwambia, “leo nimekuja kukuibia samaki.”

Akajifunika mdomo kwa kanga akicheka. “Iba, Mnyamwezi. Kwenu si ndo kazi? Mmetembea kutoka Tabora mpaka pwani kwa ajili ya kuiba.”

Na akanisaidia. Hilo ndilo ambalo sikulitegemea. Alishika mti wake wa mpera akanielekeza niushushe wavu taratibu nisiwakwangue magamba, nianze na wakubwa, nisiwajaze ndoo moja wakakosa hewa. Alivua kanga yake ya juu, akailowesha, akafunika ndoo ili wasiruke. Alimwona yule wa mwisho, mzee mwenye pezi lililochanika, amejificha chini ya yungiyungi, nami sikuwa nimemwona, akanionyesha alipo. Tulipofika nje akanishika mkono.

“Leo usiwalishe. Wamechoka. Kesho nawe uwape kidogo tu, mtani, wewe mkono wako unamwaga.”

Nilisema ndiyo. Siku ile nzima sikusema sentensi hata moja ya uongo, na sijawahi kumdanganya mtu kama nilivyomdanganya yeye siku ile.

Juma lililofuata binti yake alilikausha bwawa, akalijaza mchanga na udongo, akapanda mchicha. Sikumlaumu. Samaki wale kwangu walinona. Jumapili ya zamu yangu wanachama walikusanyika ukingoni, wakanisifia maji, wakanisifia rangi ya samaki, na mimi nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo huku moyoni natamani waendelee. Mwanachama mpya alipopatikana, waliniomba mimi nikalitazame bwawa lake kama limekomaa. Nikachovya kidole, nikanusa, nikatoa hukumu. Watu wakaitikia.

Kwa Kungwi niliacha kupita. Njia fupi ya kwenda barabarani inapita mbele ya ule ukuta wa kijani, nami nikaanza kuzunguka kwa nyuma ya msikiti, kwenye tope. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya mbwa. Sauti zake ziliendelea kuja kwenye simu yangu, si kwenye grupu tena, kwangu peke yangu. “Mtani, wanangu wanaendeleaje?” Nikamtumia picha. “Mtani, yule mwenye pezi bovu yupo?” Nikamtumia picha. Siku moja akasema, “Haya, umeshakaa nao vya kutosha. Sema unataka nini, nije kukomboa.” Nilisikiliza mara kadhaa nikiwa stoo, nimesimama kati ya rafu. Kisha nikamtumia kile kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Akaja. Ilikuwa Jumapili, mvua za masika zimekwisha karibuni, mke wangu yuko kanisani. Nilisikia hodi, nikafungua, na yeye ndiye, amevaa vizuri, amejitanda kanga mpya, na kwapani amebana jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Binti yake alibaki nje barabarani. Aliniangalia kwa macho ya kuomba radhi, akageuza uso.

“Shikamoo, mtani.”

“Marahaba, mwizi. Nimekuja kukomboa.” Akamtua jogoo chini, katikati ya uwanja, kama mtu anayekata shauri. “Huyu ni halali yako. Nimemlea mwenyewe. Haya, lete ndoo.”

Nikamkaribisha akae. Alikaa kwenye kiti nilichomsogezea karibu na bwawa, na samaki wakaja juu kwa wingi walipoona kivuli chake. Aliwatazama. Hakuomba kuwalisha. Niliona kabisa jinsi mkono wake ulivyofungika pajani, vidole viwili vimekutana kana kwamba vimeshika kitu.

Ningeweza kumpa hata mmoja. Ningeweza kucheka na kusema jogoo huyu ni mdogo, ongeza kuku, tukaendelea na mchezo mpaka asahau alichofuata. Niliufikiria mchezo huo, na nilijua ningeucheza vizuri. Badala yake nikasema, “Mtani, hawa siwezi kukurudishia.”

“Jogoo hakutoshi?”

“Si jogoo.” Nikamweleza. Nikamwambia habari ya pumba, na maji meusi, na utelezi, na kikao. Niliongea nikiangalia maji. Nikamwambia kuwa bwawa lenyewe halipo tena, na hapo nikaona aibu kwa kuwa anaishi nalo na analiona kila siku lina mchicha.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Kwa hiyo siku ile haukuwa utani,” akasema.

“Haukuwa.”

“Nyie mliniibia kweli.”

Nikamtazama jogoo aliyefungwa miguu.

“Mnadhani mie sijui kama nasahau?” Sauti yake haikupanda. “Mie ndo wa kwanza kujua. Nilikuwaga nasimama pale na bakuli, najiuliza, nimewapa au sijawapa? Hamna wa kuniambia. Wao wanakuja juu tu. Binti akiniambia wamekula, siamini, yeye samaki hawajui. Nikasema, Mnyamwezi akipita nitamuuliza. Mnyamwezi hapiti.” Akanyoosha kanga magotini. “Kutoka kwako mpaka kwangu chai haipoi. Si ungekuja asubuhi ukawalisha wewe, mie nikakaa pembeni nikaangalia? Jioni ukaja tena? Kumbe hata hilo lilikuwa gumu?”

Halikuwa gumu. Hakuna mtu kikaoni aliyelitaja, wala mimi sikuliwaza, si siku ile wala siku zote nilizokuwa nazunguka kwenye tope nyuma ya msikiti. Tulikuwa watu wazima tumejaa sebule, tumejadili ndoo na wavu na nani ana presha.

“Asubuhi nawahi kazini,” nikasema.

Nilijisikia nikilisema na nikatamani kulirudisha mdomoni. Yeye akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei aliyotajiwa dukani.

“Haya, baba,” akasema.

Hakuwahi kuniita baba. Aliniita mwizi, aliniita mwali, aliniita jina la kabila langu mbele ya wafanyakazi wenzangu. Baba ni neno la kumwambia mtu usiyemjua aliyekupisha kwenye foleni. Alisimama, akaifunga kanga yake sawasawa. Nikamwambia amchukue jogoo wake. Akasema hapana, alishamtoa. Nikamwambia nitakuja kesho, nitakuja asubuhi, nitamchukua nimlete hapa awaone kila akitaka. Alinisikiliza kwa adabu, mikono ameikutanisha mbele, kama mgeni anavyomsikiliza mwenye nyumba.

“Ahsante, baba. Naomba unionyeshe pa kutokea.”

Geti lilikuwa mbele yake, wazi, na binti yake amesimama hapo. Nikamwonyesha.